Gia za magari ya kisasa: ukishuka kwenye gari, una uhakika umeiacha kwenye P?

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa sababu magari yanayoshuka bandarini siku hizi yamebadilika sana hapo katikati ya viti viwili, na sioni watu wakilijadili jambo hili kwa uzito wake. Ulaji wa mafuta tunajadili, ushuru tunajadili, spea tunajadili mpaka usiku wa manane. Mkono wa gia tunauchukulia poa, wakati ndicho kitu unachokishika kabla gari haijaondoka na kabla wewe hujashuka.

Kwenye otomatiki tulizozizoea, tuseme IST, Corolla au RAV4 za zamani, mkono wa gia unakaa pale ulipouweka. P (ya kuegesha) iko mbele kabisa, inafuata R (rivasi), N (gari iko huru), D (ya kwenda mbele), halafu 2 na L (gia nzito). Hata kukiwa giza, hata ukiwa umegeuka kumfunga mtoto mkanda, kiganja chako kinajua gari iko kwenye nini. Chini ya mkono ule kuna waya wa chuma unaokwenda mpaka kwenye gia boksi. Ukisukuma hadi P, ule waya unasukuma kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gia inayopeleka nguvu kwenye matairi, na gari inafungwa. Ulichokifanya juu kwa mkono ndicho kilichofanyika kule chini.

Sasa njoo kwenye Prius za kuanzia 2003, Leaf, Note e-Power, Fit Hybrid za kuanzia 2013, Vezel Hybrid. Kuna kijiti kifupi, au kitu cha duara kinachojaa kiganjani. Unakisogeza, unakiachia, kinarudi katikati. Umeweka D, kimerudi palepale. Umeweka rivasi, kimerudi palepale. P haipo kabisa kwenye njia yake, ni kitufe cha peke yake. Ukikitazama kijiti hakikuambii lolote, maana muda wote kimekaa vilevile. Ukweli uko kwenye herufi moja ndogo inayowaka kwenye dashibodi. Waya wa chuma umeondolewa, kuna sensa inayopeleka ujumbe kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua ikutii au isikutii.

Hoja yangu ni hii: gia inayorudi katikati inamnyima dereva habari aliyokuwa akiipata kwa kiganja bila kufikiri, na dakika hatari kuliko zote ni ile ya kushuka. Tukiwa barabarani wote tuko macho. Tukifika nyumbani akili imeshaingia ndani kabla ya mwili.

Wenzetu Marekani walishaona matokeo yake. Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, pamoja na Dodge Charger na Chrysler 300 za 2012 hadi 2014, zilifungwa mkono wa gia wa umeme ambao kwa kuutazama ulifanana na ule wa kawaida kabisa. Ila ulikuwa unarudi katikati. Mtu anasukuma mbele akiamini amefika P, kumbe ameishia R au N, anafungua mlango anashuka, gari inaondoka. NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, ilichunguza ikaeleza kwamba mkono ule haueleweki kirahisi na haumpi dereva dalili za kutosha, si kwa kugusa wala kwa kuona. Aprili 2016 kampuni ikatangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 1.1 duniani kwa marekebisho. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikutwa nyumbani kwake Los Angeles amebanwa na Grand Cherokee yake ya 2015 kwenye nguzo ya matofali na uzio. Gari ilikuwa imeteremka yenyewe.

Dawa iliyowekwa ilikuwa programu inayotia P yenyewe dereva akifungua mlango, na matoleo ya Grand Cherokee yaliyofuata yakarudishiwa mkono unaokaa pale unapouweka. Kampuni kubwa namna ile ikarudi kule ilikotoka. Mimi hilo linanitosha kuwa ushahidi.

Karibuni. Wenye gari hizi, mafundi, wazee wa manuali, tuelezane.

---

Transit_Tunduma

Mkuu umegusa kazi yangu. Mimi ni dereva wa IT, yaani magari yanayopita tu nchini kwenda nje, natoa gari bandarini Dar nazipeleka Tunduma, nyingine navuka nazo mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Leo unapewa Harrier, kesho Range Rover, keshokutwa Mercedes. Kila gari ina mambo yake.

Inayosumbua zaidi vijana wapya ni Mercedes. Hizi za miaka ya karibuni hazina kitu katikati ya viti. Gia ni kijiti upande wa kulia wa usukani: ukishusha ni D, ukipandisha ni R, P ni kitufe kwenye ncha yake. Sasa fikirieni dereva aliyelelewa na Toyota. Kwenye gari za Kijapani upande huohuo wa kulia ndiko kwenye indiketa. Kushoto unapandisha, kulia unashusha, mkono umeshazoea. Uko Makambako unataka kuingia kushoto kituo cha mafuta, mkono wenyewe unapandisha kile kijiti. Indiketa haiwaki, gari inaingia N. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haivuti, na nyuma yako kuna semi.

Kwa bahati ukiwa kwenye mwendo haikubali kuingia rivasi, hilo wamelizuia. Lakini ile sekunde mbili tatu ya kutojua kinachoendelea inatosha kukutoa roho.

Mimi nikikabidhiwa gari nisiyoijua siondoki getini. Nakaa, nafunga mkanda, nakanyaga breki, naweka R, naangalia dashibodi, naweka N, D, narudi P. Nafanya hivyo mpaka mkono ukubali. Wakala wanalalamika nachelewa. Waache walalamike.

---

Mama Junia Tegeta

Asante kwa uzi kaka. Mmesahau kitu kimoja: ukimya.

Sisi nyumbani tuna hybrid, gari ya mafuta na umeme. Baba mkwe alikuja kutusalimia, akaomba aiendeshe kidogo, mzee ameendesha magari maisha yake yote. Aliporudi akasimama mbele ya geti, mguu kwenye breki. Injini ikajizima yenyewe kama kawaida ya hizi gari, ikawa kimya kabisa. Yeye akajua imezimika. Akaangalia kile kijiti, kimesimama wima katikati, akaona mambo yako sawa. Akashuka kwenda kufungua geti.

Ile gari ilikuwa READY, yaani imewaka tayari kuondoka, na iko D. Ilianza kutambaa taratibu, haina hata mlio. Ikamkuta mzee ameshaingia kwenye geti dogo la pembeni, ikaligonga geti kubwa ikasimama hapo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini mzee alikaa sebuleni muda mrefu bila kusema neno, na tangu siku hiyo haigusi.

Sikubali mtu aseme yule mzee ni mzembe. Gari aliyoijua yeye, ikiwa kimya imezimika. Na gia aliyoijua, ikiwa iko D unaiona iko D. Vitu viwili alivyovitegemea vyote vilimdanganya kwa wakati mmoja.

---

Mzee wa Leyland

Vijana, shikamoo hamnipi lakini nachangia.

Naona mnasifu zamani mno. Zamani gani? Mimi nimeendesha Peugeot 404 gia iko kwenye usukani, na Hiace zile za mwanzo gia kwenye usukani. Ukitoka hapo ukapanda lori la Uingereza gia haina sinkro, unakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na usipojua kusikiliza injini inakukatalia. Rivasi ndiyo usiseme. Gari hii iko kushoto juu, ile iko kulia chini, Volkswagen unaukandamiza mkono chini kwanza ndipo unaivuta, nyingine kuna pete unaipandisha kwa vidole. Tuliumia vichwa, tukajifunza.

Ninachokubali ni hiki. Manuali haikuachi na shaka kwenye kuegesha. Mlimani kichwa cha gari kinatazama juu, unazima unaiacha kwenye gia ya kwanza. Kinatazama chini, unaiacha kwenye rivasi. Hendibreki unavuta mpaka mwisho. Utingo anaruka na jiwe analisokomeza kwenye tairi. Kwenye Fuso mpaka leo ni hivyohivyo, na hutasikia Fuso imeondoka yenyewe kwa sababu ya kompyuta.

---

Dereva wa Kitonga

Mzee wangu shikamoo, na utusamehe.

Hoja yako ni nzito na sitaki niipite juujuu. Ni kweli zamani kila mtu alipanga gia zake anavyotaka, hata kwenye otomatiki. Otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka mwishoni mwa 1939 kwenye Oldsmobile za 1940. Kwenye mpangilio wake rivasi ilikaa jirani na gia nzito ya kwenda mbele. Mtu anatafuta gia ya kupandia kilima anapitiliza, anajikuta rivasi. Chrysler nao kuanzia matoleo ya 1956 mpaka 1964 waliweka vitufe vya kubonyeza kwenye dashibodi. Kwa hiyo vitufe hivi tunavyoviita vya kisasa vina umri wa babu zetu.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa mimi. Watu waliona madhara, wakakubaliana. GM walibadilisha mpangilio wao miaka ya sitini, na sheria ya usalama ya Marekani, ile namba 102, ikaagiza kwamba N lazima ikae kati ya gia za mbele na rivasi. Tangu hapo P R N D ikawa ileile, uwe Detroit, uwe Nagoya, uwe Stuttgart. Kwa miongo kadhaa dereva aliyejifunzia Corolla Morogoro angeweza kushuka uwanja wa ndege popote, akakodi gari asiyoijua, akaondoka. Mtaji ule ulipatikana kwa ajali za watu. Leo kila kampuni inaupangua kivyake: Jaguar na Range Rover wakaleta kidude cha duara cha kuzungusha, Lincoln na Honda wakarudi kwenye vitufe, Tesla Model S ya kuanzia 2021 wakaihamishia gia kwenye kioo cha kugusa, unatelezesha kidole.

Sababu zao nazijua. Mkono mkubwa unakula nafasi, na gia ikiwa ya umeme unaweza kuiweka popote, ukapata pa kuweka chupa na simu. Sawa. Lakini nafasi ya chupa isilipiwe kwa usalama wa baba mkwe wa dada hapo juu.

Mama Junia, pole sana, na umesema kweli. Hilo la ukimya Toyota wenyewe walilitambua: 2019 walitangaza kwamba matoleo ya 2020 kwa soko la Marekani yataanza kuwekewa mfumo wa kuzima gari iliyosahaulika na wa kutia P yenyewe. Sisi huku tunanunua zilizotengenezwa kabla ya hapo.

---

Fundi Umeme Gari

Nimesoma yote. Ngoja niweke upande wa gereji, maana naona mnaiamini sana ile waya.

Waya wa gia una vibushi vya plastiki kwenye ncha zake. Joto la injini linavikausha, vinapasuka, waya unachomoka. Hapo mkono wako juu umekaa P vizuri kabisa, kumbe gia boksi chini iko kwenye kitu kingine. Juni 2022 Ford waliita magari karibu milioni 2.9 Marekani kwa tatizo hilohilo la kibushi, na hizo ni otomatiki za mkono wa kawaida. Kwa hiyo kiganja nacho kinaweza kudanganywa. Ukiona mkono wa gia wa IST yako umelegea kuliko zamani, au P imeanza kuingia kwa kubahatisha, usisubiri. Kibushi ni bei ndogo.

Gia za umeme nazo zina mazuri yake. Haziingii rivasi ukiwa kwenye mwendo hata mtoto akichezea. Nyingi ukizima gari zinaingia P zenyewe, na nyingine hata ukifungua mlango. Tatizo ni hilo neno "nyingi". Mwenye gari hajui kama yake ni mojawapo, na kitabu kilichokuja kwenye droo kimeandikwa Kijapani. Hili linapimwa, halibahatishwi: mahali tambarare, hakuna mtu mbele wala nyuma, mguu kwenye breki, weka N, fungua mlango kidogo bila kushuka, angalia herufi kwenye dashibodi. Ikibadilika kuwa P umejua. Isipobadilika, usiitegemee.

Jambo la pili, wengi mnaegesha vibaya mlimani hata hizi za kawaida. Mnaweka P, mnaachia breki, gari inateremka kidogo inakwama, ndipo mnavuta hendibreki. Uzito wote wa gari umeangukia kile kidole cha chuma alichokitaja mleta mada. Ndiyo maana asubuhi ukitoa P unasikia "kang!". Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki gari ikae kwenye hendibreki, kanyaga tena, halafu ndiyo weka P. Hii haina cha mkono wa zamani wala kitufe.

---

Pwani254

Salamu kutoka Mombasa. Mie nina swali dogo. Kwenye Prius kuna B. Shemeji yangu alikuwa akidhani ndiyo ya kurudi nyuma, akashangaa gari yaenda mbele. Mwingine aniambia B ni ya nguvu, uiweke wakati wa kupanda. Ukweli ni upi? Na Leaf nazo nimeziona na B.

---

Fundi Umeme Gari

B ni ya kuteremka, ndugu yangu. Kwenye Prius na Aqua, ukiweka B na kuachia mafuta, injini inaizuia gari isikimbie, kazi ileile mzee wetu anayoifanya kwa kushusha gia kwenye lori. Ukiteremka Mai Mahiu au Kitonga, iweke. Breki zako hazitapata moto. Kwenye tambarare rudi D, kwa sababu kuendesha na B muda wote unakula mafuta bure. Kwenye Leaf, B inaongeza ile nguvu ya mota kuzuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Ya kupandia mlima si hiyo kwa gari zote mbili.

---

Kijana wa Ubungo

Jamani si watu wajifunze tu? Mimi nilipewa Vezel wiki ya kwanza nikazoea. Simu za vitufe zilipoondoka mlilalamika hivihivi.

---

Transit_Tunduma

Mdogo wangu, wewe umezoea Vezel yako. Mpe dada yako ufunguo ambaye kila siku anaendesha Spacio, mpe muosha magari anayetaka kuisogeza, mpe dereva aliyekodiwa akurudishe kutoka harusini. Gari inashikwa na wengi. Na simu ukibonyeza vibaya unapiga namba siyo, hakuna anayebanwa ukutani.

---

Mzee wa Leyland

Transit amejibu vizuri. Nami nabadilisha kidogo msimamo wangu. Tulijifunza kweli, lakini kila mtu alijifunza gari yake moja akaiendesha miaka kumi. Ninyi mnabadilisha gari tatu kwa siku.

---

Mama Junia Tegeta

Fundi, samahani, niulize la mwisho kabla sijalala. Betri ndogo ya hii gari yetu ikifa, ile gia ya umeme inatokaje P? Majirani waliwahi kutaka kuisukuma ikakataa kabisa. Na nikiita breakdown wanaivutaje? Yetu ni Prius ya toleo la pili.

---

Fundi Umeme Gari

Dada, betri ndogo ikifa kabisa haitoki P, na majirani hata wakija ishirini haisogei. Msilazimishe. Betri yenyewe iko nyuma kwenye buti, na buti linafunguka kwa umeme, kwa hiyo usihangaike huko. Fungua boneti, kwenye boksi la fyuzi kuna kifuniko chekundu, chini yake kuna sehemu ya kushikiza waya chanya ya kustua. Hasi ishikize kwenye chuma cha bodi mbali na hapo. Aangalie anayestua asigeuze waya, ukigeuza unaunguza vitu vya bei mbaya. Ikipata umeme, bonyeza pawa ukiwa umekanyaga breki, ikiwa READY gia itakutii.

Ukitaka isukumwe kwenye gereji, ukiwa READY shikilia kijiti kwenye N kidogo mpaka herufi N iwake, na mtu abaki ndani na mguu karibu na breki. Ukizima tu, inarudi P.

Breakdown waambie mapema kwenye simu kuwa ni hybrid. Matairi ya mbele yasiguse lami, kwa sababu yakizunguka yanazungusha mota na inazalisha umeme hata gari ikiwa imezimwa. Wainue mbele, au bora zaidi waje na ile ya kubeba gari nzima mgongoni. Wakikuambia "tutaivuta na kamba polepole", kataa, tafuta wengine.